Geti la Jikoni

Mlango kati ya jikoni na sebule
una sentimita themanini na tatu kwa juu,
themanini na tano kwa chini.
Hedley alipima tena, akakohoa,
akamlaumu babu yake aliyeijenga nyumba hii
kwa jicho, kwa shoka, na kwa ramu.
Nje theluji ya Machi ilikuwa imefika dirishani,
Twillingate nzima kimya
kama sufuria iliyofunikwa.

Mbwa wamelala palepale anapotaka kupiga magoti:
Molasi, kilo sitini na nne,
na Gavana, ambaye mizani ya daktari ilimshindwa.
Weusi, manyoya ya kujaza magodoro,
udenda ukining'inia kama kamba za viatu.
Wema wao ndio balaa.
Hawaumi, hawagombi,
wanasalimia tu,
na salamu yao, kwa mtu mwenye nyonga mpya ya chuma,
ni tiketi ya kurudi hospitali.

Alhamisi mavyaa anakuja.
Drusilla, miaka themanini na mmoja,
mkongojo wa miguu minne,
na ulimi ambao daktari hakuugusa.

Mageti ya dukani yamepimwa kwa mbwa wa kupakatwa.
"Hili," Hedley alisema, "Gavana atalivaa shingoni kama tai."
Akashuka stoo, akakaa sana,
akapanda na kitanda cha Garland begani,
kile cha utotoni,
msonobari, fito kumi na moja ubavuni.

Garland sasa ana miaka ishirini na sita,
anaendesha malori kwenye machimbo ya mafuta Alberta,
hupiga simu Jumapili,
zile Jumapili anazokumbuka.

Sikusema kitu. Nilishika tochi.
Kwenye ubao wa juu kulikuwa na meno:
vishimo viwili viwili, vidogo,
mwaka ule fizi zilipomwasha akatafuna kila kilichokaa kimya.
Hedley alipitisha kidole gumba.
Akaweka randa chini.
"Hapa sipigi msasa," alisema,
na hayo yakawa maneno yake yote hadi usiku.

Bawaba tatu, si mbili,
kwa kuwa Gavana huegemea vitu anapowaza.
Komeo mahali pa kiwiko cha mtu mzima.
Chini, uwazi wa paka,
maana paka hajakosa lolote.
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta;
sisi tulijenga ukuta wa nyufa kumi na mbili,
makusudi, ili pua zipite.
Lilipopachikwa, geti lilinyooka, nyumba ikabaki imeinama.
Hedley akakata kabari nyembamba,
akaigonga katikati ya ugomvi huo,
mara tatu, taratibu,
kama anayebisha hodi kwa babu yake.

Drusilla alifika na theluji kwenye nyusi.
Pua mbili zikamsubiri kwenye fito, zikipuliza.
Aliliangalia geti kutoka juu hadi chini,
akagusa ubao.
"Haya meno ya nani?"
"Ya Gavana," Hedley akajibu.
Gavana akapokea lawama bila kubweka.
"Mbwa gani huyu," akasema mama yake,
"ana meno ya mtoto wa miezi minane?"
Akavua glavu. Akapitisha mkono kati ya fito,
ukapotea ndani ya manyoya mpaka kifundoni.

Jumapili simu ililia.
Hedley, asiyejua kuzungumza na simu,
aliipeleka mpaka kwenye komeo,
akafungua, akafunga, akafungua.
"Umesikia?"
"Nimesikia nini, baba?"
"Hakilii tena. Kile kitanda chako. Kilikuwa kinalia usiku kucha."

Alberta ikanyamaza kidogo.
Molasi alikuwa ameshapita.